Mlima Unaokunywa Mvua

Ukichukua daftari la mahudhurio la skuli ya Wete au ya Unguja Mjini, hutakosa Kharusi, Riyami, Maawali au Abri ndani yake. Majina haya tumeyazoea hivi kwamba hakuna anayeuliza yametoka wapi. Yametoka kwenye mlima mmoja. Fungua ramani ya Oman, tafuta safu ya Hajar inayopinda nyuma ya pwani ya Batinah, nawe utayaona: Wadi Bani Kharus upande wa kaskazini, Wadi al Maawil jirani yake, kijiji cha Misfat al Abriyyin upande wa kusini, na juu, kwenye uwanda wa Saiq, nchi ya Bani Riyam. Katikati yao limekaa Jabal Akhdar, jabali la chokaa ambalo kilele chake, Jabal Shams, kinafika takriban mita 3,000 juu ya usawa wa bahari.

Nilikwenda kulitazama jiwe, si kutafuta nasaba za watu. Mimi ni mtu wa Tanga. Mapango ya Amboni nimeyazoea tangu utotoni, na popote nisikiapo pana mwamba wa chokaa hupenda nikauone umefanya nini na maji. Lakini chokaa ya Oman haielezeki bila watu wake, na sababu itajitokeza tukipanda.

Mwenyeji wangu alikuwa mzee wa ukoo wa Kharusi, mzaliwa wa Pemba, aliyeondoka na wazazi wake akiwa mtoto baada ya mapinduzi ya 1964. Kiswahili chake kimebaki kile cha Wete ya wakati ule, kimechanganyika na Kiarabu cha soko la Nizwa. Alfajiri alinikuta nimeshasimama mlangoni.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, mwanangu. Umestaftahi? Basi panda, jua la huku halimsubiri mtu."

Muscat imejengwa katikati ya vilima vyeusi, na mgeni akiviona hudhani ni mawe ya volkano. Mambo yake ni makubwa kuliko hayo. Ni sakafu ya bahari, pamoja na pande la mwamba mzito uliokuwa chini ya sakafu hiyo, ndani ya dunia. Kwa kawaida gamba la bahari likikutana na bara huzama chini yake, kwa kuwa ni zito zaidi. Hapa, kuanzia takriban miaka milioni 95 iliyopita, ilikuwa kinyume: pande kubwa la bahari lilisukumwa likapanda juu ya ukingo wa Arabia, na likabaki huko. Wanajiolojia huliita ofioliti ya Samail, kwa jina la mji ulio njiani kwenda Nizwa. Limetandaa kwa urefu wa kama kilomita 500, na wataalamu wa dunia nzima huja kulikanyaga kwa sababu mahali pengi pengine mwamba wa aina hii uko chini ya bahari na chini ya kilomita nyingi za mawe. Ndilo lililokuwa na shaba iliyowapeleka wafanyabiashara wa Mesopotamia katika nchi waliyoiita Magan. Siku hizi linachunguzwa kwa jambo jingine: mawe yake huifyonza hewa ya ukaa na kuigeuza madini meupe, nayo michirizi ya madini hayo unaiona kwa macho kwenye kuta za barabara zilizokatwa.

Nilitaka tusimame nipige picha. Mzee hakuwa na subira na vilima hivyo. "Haya mabaya haya," alisema, "hayana maji. Twende kwenye mazuri."

Kwa mtazamo wa mkulima ana haki. Mkabala na Nakhal rangi ya nchi hubadilika ghafla: vilima vyeusi vinakoma, na nyuma yake panasimama ukuta wa kijivu unaokwenda juu hadi mawinguni. Huo ndio ukingo wa kaskazini wa jabali. Pale chokaa inapokutana na mawe meusi, kwenye mpasuko mrefu wa ardhi, maji ya moto yanatoka. Chemchemi ya Ain Thowarah iko Nakhal, na ile ya Ain al Kasfah iko Rustaq, zote kwenye mstari huo huo. Ni mvua iliyonyesha juu ya mlima, ikazama katika nyufa za chokaa hadi kina ambako dunia ina joto, kisha ikazuiwa na ukuta wa mawe meusi yasiyopitisha, ikalazimika kupanda. Watoto walikuwa wakiogelea humo, na wanawake wamekaa pembeni na birika za kahawa. Rustaq, kwa msomaji wa Mombasa, ndiko Wamazrui wanakohesabu asili yao.

Kanuni ya mlima wote iko hapo Nakhal, na kila kijiji nilichokiona baadaye kiliithibitisha. Mvua ina tindikali kidogo, inayopatikana kwa kuyeyusha hewa ya ukaa angani na kwenye udongo. Tindikali hiyo hula chokaa polepole, ikipanua nyufa zikawa mifereji na mifereji ikawa mapango. Kwa hiyo juu ya mlima hakuna mto wa kudumu wala ziwa, mwamba unakunywa. Maji hushuka ndani mpaka yakutane na tabaka lisilopitisha, kisha hutembea juu ya tabaka hilo hadi lichomoze mlimani, na hapo hutoka. Pale yanapotoka ndipo pana mitende na msikiti. Kwingine kote ni mbuzi na mawe.

Tuliingia Wadi Bani Kharus kupitia Awabi. Mlango wa bonde ni mwembamba, na kwenye majabali ya mlangoni kuna michoro ya kale ya wapanda farasi na ngamia iliyogongwa juu ya jiwe. Ndani njia inafuata mchanga wa wadi kati ya mashamba ya mitende. Kuta zikaanza kupanda pande zote mbili, nami nikaanza kuona matabaka.

Kuna mahali mzee alisimamisha gari bila kuambiwa. Alikuwa amewahi kuwaleta wanafunzi wa jiolojia, akajua wanachokitaka. "Wazungu wakifika hapa hulia," alisema, na alikuwa akisema kweli kwa kiasi kikubwa. Chini ya ukuta matabaka yamesimama wima, mengine yameinama mno, membamba, ya rangi ya kahawia na ya kijivu. Juu yake, kwa mstari mmoja uliokatwa sawasawa, yamelala matabaka mengine manene ambayo hayakusimama wala kuinama kwa namna ile. Yale ya chini ni mashapo ya bahari ya kabla hakujakuwepo mnyama mwenye ganda. Ya mwisho wake yana zaidi ya miaka milioni 540. Yale ya juu yalianza kutandikwa kipindi cha Permi, yapata miaka milioni 265 iliyopita. Baina yao hakuna kitu. Mawe ya chini yaliundwa, yakakunjwa, yakainuliwa kuwa milima, milima hiyo ikasagwa na mvua na upepo mpaka ikawa uwanda, kisha bahari ikarudi na kuanza kutandika upya. Yote hayo yamo katika mstari ambao unaweza kuuziba kwa kiganja. Niliuziba. Zaidi ya miaka milioni 250 iko chini ya vidole vyako na hakuna hata chembe ya mchanga kuisimulia.

Katika bonde la jirani, Wadi Mistal, kuna mawe ya zamani zaidi, ya takriban miaka milioni 700. Ni tope lililojaa vipande vya mawe vya kila ukubwa, na mawe hayo yaliachwa na barafu. Barafu, Oman. Ni miongoni mwa ushahidi unaotumiwa na wanasayansi wanaosema kwamba zamani hizo karibu dunia yote iliganda. Nilimweleza mzee, akacheka sana, kisha akanyamaza kidogo. "Lakini baridi ya juu utaiona mwenyewe," alisema.

Mwisho wa bonde ni kijiji cha al Alya, na hapa jiwe linanilazimisha kugeukia watu. Bonde hili limetoa maimamu na wanazuoni kuliko ukubwa wake. Mmoja wao, Sheikh Nasir bin Abi Nabhan al Kharusi, alifuatana na Sayyid Said bin Sultan, akafariki Zanzibar mwaka 1847. Ukikaa al Alya saa moja utaelewa kwa nini mtu angeondoka na kwa nini angejiona wa hapo maisha yake yote. Mashamba ni vipande vidogo vya udongo uliobebwa kwa mikono na kuzuiwa kwa kuta za mawe. Maji yanatosha watu kadhaa, na hayaongezeki watu wakiongezeka. Mvua ikikosekana miaka mitatu mfululizo, chemchemi hupungua, mitende hufa, na kijana mwenye akili huangalia upande wa pwani. Ukame wa karne ya 19 ulikuwa mmoja wa misukumo iliyowatoa watu wa Oman ya ndani kwenda Afrika Mashariki. Vitabu vyetu huzungumzia karafuu, pembe na watumwa, na ni kweli. Lakini nyuma ya karafuu kulikuwa na chemchemi zilizokauka.

Jiwe la chokaa ni kazi ya viumbe. Konokono, chaza, matumbawe na vijidudu visivyoonekana kwa macho hujenga maganda yao kwa chokaa iliyoyeyuka baharini. Wakifa, maganda hubaki chini, yakalundikana na kugandamana. Bahari iliyojenga Jabal Akhdar huitwa Tethys, na hapa ulikuwa ufuo wake: maji ya kina kifupi, ya vuguvugu, safi, yaliyodumu kwa zaidi ya miaka milioni 150. Matabaka yake yakipimwa kutoka chini hadi juu yanapita kilomita 2 kwa unene. Bahari haikuwa na kina cha kilomita 2 hata siku moja. Sakafu ilikuwa ikizama polepole na viumbe wakiijaza kwa kasi ile ile, hata kina cha maji kikabaki kile kile. Wakati huo Arabia na Afrika zilikuwa bara moja. Bahari ya Shamu haikuwepo bado. Chokaa ya Amboni ni ya kipindi cha Jurasi, na kipindi hicho hicho ndicho kilichotandika matabaka ya kati ya Jabal Akhdar. Mtu wa Tanga na mtu wa Rustaq wamesimama juu ya kingo mbili za bara moja.

Kutoka kaskazini kwenda kusini tulivuka mlima kwa njia ya Wadi Bani Awf, na sitaisifu. Ni njia ya kokoto iliyochongwa ubavuni, mahali pengine upana wake ni wa gari moja, na ukuta wa kinga ni dua. Mzee aliendesha kwa mkono mmoja huku akinisimulia bei za mbuzi. Afadhali nilikuwa na cha kutazama. Kijiji cha Bilad Sayt kimejibanza chini ya magenge, nyumba zake zimepanda mlima na mashamba ya ngazi yamejaa kijani mbele yake. Juu yake hakuna jani. Pande zote unaona matabaka yakipinda kwa pamoja, upande huu yakiinamia kaskazini, upande ule kusini. Sukuma mkeka dhidi ya ukuta uone unavyofanya nundu katikati; ndivyo ilivyokuwa chokaa hii baada ya Arabia kubanwa, kwanza na lile pande la bahari lililoipanda, kisha na msukumo wa baadaye uliouinua mlima kwa mara nyingine. Mawe meusi yaliyokuwa juu yalimomonyoka yakaondoka. Kilele cha nundu nacho kikapasuka, na mito ya msimu ikachimba ndani mpaka ikafika kwenye mawe ya barafu na yale yaliyosimama wima. Kwa hiyo ukitoka pembeni kuingia katikati ya Jabal Akhdar unashuka katika wakati ingawa unapanda kwa miguu.

Juu ya kipito cha Sharaf al Alamayn, yapata mita 2,000, tulisimama injini ipoe. Kaskazini ni magenge na vivuli. Kusini mlima unateremka kwa mteremko mmoja mrefu, laini, tabaka moja la chokaa lililoinamishwa zima hadi mji wa Al Hamra. Upepo ulikuwa wa kuvaa sweta. Mzee alitoa tende na kahawa, akasali, na akaniuliza kama embe za Pemba bado ni zile zile. Nikamwambia ndizo. Akasema komamanga za huku husifiwa mno na watu ambao hawajala embe shomari.

Misfat al Abriyyin ni kijiji ambacho kila mtalii hupelekwa, na kwa mara moja watalii hawajadanganywa. Nyumba zimejengwa moja kwa moja juu ya majabali makubwa, nyingine jabali lenyewe ndilo ukuta wa ndani. Maji ya chemchemi huletwa kwa falaj, mfereji wa mawe uliotiwa chokaa, unaopita kwenye ngazi za mashamba ya mitende, ndimu na migomba. Niliufuata hadi juu. Hauna pampu wala mota. Kazi yote ni ya mteremko uliopimwa kwa jicho. Mgao wake ni wa muda. Kipimo ni athar, nusu saa ya maji, na kila mtu anajua athar zake ni za saa ngapi na za siku gani. Zamani mchana walipima kwa kivuli cha kijiti na usiku kwa nyota. Athar hurithiwa, huuzwa, hukodishwa. Mtu anaweza kuwa na shamba asiwe na maji, au akawa na maji asiwe na shamba, na huyu wa pili ndiye tajiri. UNESCO iliingiza falaj 5 za Oman katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006, na zaidi ya 3,000 bado zinatumika nchini. Nilitamani mamlaka zetu za maji zingepeleka watu wakajifunze, si uhandisi bali nidhamu ya zamu.

Kutoka Al Hamra tulipanda Jabal Shams. Juu kabisa ni eneo la jeshi, hakuendeki. Wageni hufika ukingo wa Wadi Nakhr, korongo ambalo watu wa utalii hulilinganisha na lile la Marekani, ulinganisho ambao nadhani hauna haja. Ukuta wake unashuka karibu kilomita moja. Hakuna uzio sehemu nyingi. Wanaume wa mabonde haya bado hufuma mazulia ya sufi nyekundu na nyeusi, wanayatandika juu ya mawe ukingoni kuuza, na mbuzi wao wanapita juu yake. Kuna njia ya miguu inayofuata ubavu wa korongo kutoka Al Khitaym hadi kijiji kilichohamwa cha As Sab. Nyumba zake zimeingizwa chini ya mwamba uliojitokeza, na juu yake kuna bwawa dogo la maji yanayodondoka kutoka ukutani. Tena kanuni ile ile: tabaka linalopitisha juu ya tabaka lisilopitisha, na binadamu amekaa kwenye mshono.

Lakini jambo lililonisimamisha Jabal Shams ni mwamba wa ukingoni wenyewe. Unaitwa Natih. Ni chokaa ya kipindi cha Kretasi, imejaa maganda mazito ya chaza wa kale waliokufa pamoja na zama za dinosauri. Tabaka hilo hilo linateremka kusini, linazama chini ya mchanga wa jangwa, na huko Fahud ndani ya vitundu vyake yalipatikana mafuta. Yaligunduliwa mwaka 1964. Meli ya kwanza ya mafuta ya Oman iliondoka 1967, na baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwaka 1970 aliwaita Waomani waliotawanyika warudi kujenga, akiwa na fedha za kuwalipa. Wengi waliotoka Zanzibar walikuwa wamesoma, wakawa walimu, madaktari, wahandisi na wafanyakazi wa hiyo hiyo sekta ya mafuta. Mwaka ule ambao babake mzee wangu alipoteza nyumba Wete, mwamba wa kwao ulikuwa ukimwandalia njia ya kurudi. Nilimwambia hivyo ukingoni. Alitazama chini muda mrefu.

"Chokaa ilitufukuza kwa kiu," alisema, "ikatuita kwa mafuta. Sasa mafuta yakiisha?"

Sikuwa na jibu, naye hakuwa akiniuliza mimi.

Undani wa mlima tuliuona kwa saa chache tu, kwenye pango la Al Hoota, chini ya Al Hamra. Lina urefu wa zaidi ya kilomita 4, ingawa watalii huonyeshwa kipande. Lilifunguliwa kwa umma mwaka 2006. Mtu aliyezoea Amboni, ambako unaongozwa na mwenyeji mwenye tochi na hadithi za mizimu, atashangazwa na ngazi za chuma na taa za rangi. Mimi sikuzipenda taa hizo. Lakini kuna ziwa refu gizani, na ndani yake samaki wadogo wa rangi ya waridi wasio na macho. Waliozaliwa gizani kwa vizazi vingi mno hawana haja nayo; ngozi imefunika mahali pake. Ndugu zao wenye macho wanaogelea kwenye mifereji ya juu, na wenyeji huwaacha kwa kuwa husafisha maji.

Tanuf tulipita bila kukaa. Magofu yake ya udongo yanaonekana kutoka barabarani, na ukuta wa chokaa uko nyuma yake. Hapo mwaka 1913 alichaguliwa Imamu Salim bin Rashid al Kharusi, na katika vita vya Jabal Akhdar vya 1957 hadi 1959 ndege za Uingereza ziliupiga mji mabomu. Wapiganaji wa Imamu wa wakati huo walijificha juu, kwenye mapango na makorongo, hadi Januari 1959 askari wa Uingereza walipopanda usiku na kuushika uwanda wa Saiq. Mlima ulikuwa haujawahi kutekwa kwa karne nyingi, na ukiiona njia utajua kwa nini.

Siku hizi njia ya Saiq ni lami safi. Birkat al Mouz kuna kizuizi cha polisi. Gari lisilovuta kwa magurudumu yote manne halipiti, kwa sababu ya breki wakati wa kushuka. Juu ni uwanda wa mita 2,000, wenye mitarakwa iliyopindapinda, ndugu wa ile ya Kenya na Kilimanjaro, na mizaituni mwitu. Mawe yake ya Permi yana visukuku vya matumbawe na vikombe vya bahari kila unapoinama. Na kuna tabaka moja, halina sura ya kuvutia, linaloashiria miaka milioni 252 iliyopita, wakati sehemu kubwa sana ya viumbe wa baharini walipotoweka kwa muda mfupi. Chini yake jiwe limejaa maganda. Juu yake ghafla limenyamaza.

Ukingoni mwa uwanda vijiji vya al Ayn, ash Shirayjah na al Aqr vimening'inia juu ya korongo, mashamba yao ya ngazi yakishuka moja chini ya jingine. Aprili ni mavuno ya mawaridi: maua huchumwa alfajiri, hupikwa kwenye matanuri ya udongo, na maji yake ya marashi hutoka na harufu ya moshi kidogo, marashi ambayo bibi zetu wa pwani wanayajua kwa pua. Mvua ya Saiq ni kama milimita 300 kwa mwaka. Muscat haifiki 100. Tanga tunapata zaidi ya 1,000 na bado tunalalamika. Mashamba kadhaa niliyoyaona yamekauka, mikomamanga imebaki vijiti. Hoteli zimeongezeka, nyumba za likizo zimeongezeka, na vijana wamehamia Nizwa na Muscat kutafuta mishahara, wakiacha athar zao kwa wazee. Kwa maoni yangu mlima huu hautaharibiwa na upungufu wa watalii. Utaharibiwa na visima virefu vinavyochota kwa siku moja maji ambayo jiwe lilichukua miaka kuyachuja.

Jambo la mwisho ni la usalama. Jiwe linalokunywa mvua ya taratibu haliwezi kuimeza ya ghafla. Ikinyesha kwa fujo hutiririka juu ya miamba mitupu na kujaa wadi kwa dakika chache. Imamu Warith bin Kaab al Kharusi, mwanzoni mwa karne ya 9, inasimuliwa alikufa maji Nizwa alipokuwa akijaribu kuwaokoa wafungwa waliozingirwa na mafuriko. Na Aprili 2024, upande wa mashariki wa safu hii ya Hajar, mafuriko yaliwaua watu kadhaa, wakiwemo watoto wa skuli waliokuwa garini. Ukipanga kwenda, nenda kati ya Oktoba na Aprili, anzia Wadi Bani Kharus ili uyaone mawe ya chini kabla ya yale ya juu, na mtafute dereva wa huko huko. Baadhi yao utakuta wanajua Kiswahili. Angalia mawingu yaliyo juu ya mlima, si yaliyo juu ya kichwa chako. Ukikuta maji yamekata barabara, hata yakiwa ya kifundo cha mguu, simama, rudi nyuma, panda mahali pa juu, usubiri yapungue.